Gari Ndogo Zenye Mbio na Haki ya Mwananchi wa Kawaida

Huko Ulaya, watu wa makamo wanazikumbuka kwa huzuni gari za ujana wao: gari fupi, zenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, bei yake ya kadiri, lakini mbio zake za kuwaaibisha wenye gari za kifahari. Huenda wengine wakauliza, sisi watu wa visiwani yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani ndani yake mna funzo juu ya nani anayestahili kutengenezewe kitu kizuri.

Gari iliyoipatia aina hii sifa ni Volkswagen Golf GTI ya iliyokuwa Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1974 wahandisi wachache walianza kuishughulikia nje ya mpango rasmi wa kampuni. Wakubwa wao walikuwa na shaka, na hata walipoikubali walikusudia ziundwe 5,000 tu. Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975, ikaingia sokoni mwaka 1976. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 110, na gari nzima ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 810. Siri yake ilikuwa wepesi. Kizuri chajiuza: toleo hilo la kwanza lilipokoma, zilikuwa zimeundwa zaidi ya 450,000. Peugeot wa Ufaransa nao wakatoa 205 GTI mwaka 1984.

Mwalimu au fundi mwenye gari moja tu aliweza kuendea kazini, kupakia watoto na kapu la sokoni, na siku ya mapumziko akaonja raha ya barabara. Hakulazimika kuchagua baina ya manufaa na furaha.

Yafaa kusema kweli kwamba mbio hizo zilikuwa na madhara yake. Nchini Uingereza, wizi wa gari hizo na ajali zilipandisha mno gharama za bima mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye masharti ya usalama na ya hewa safi, ambayo yana haki yake, yalizidisha uzito na bei. Golf GTI ya leo ina zaidi ya kilo 1,400. Ford nao walikomesha Fiesta mwezi Julai 2023. Zile za zamani zilizosalia katika hali njema sasa ni hazina za wenye fedha.

Hapa kwetu, gari ndogo zilizokwisha kutumika Japani ndizo zinazowabeba wananchi wengi. Basi wenye dhamana ya kupanga ushuru, na wale wanaochagua magari ya ofisi, wakumbuke kwamba ukubwa wa gari si ubora wake. Mwananchi anayeona kila kitu kizuri kikipaa juu ya uwezo wake, mwisho huamini kwamba kizuri hakikuumbwa kwa ajili yake. Imani hiyo haifai kuachwa iote mizizi.