Tairi ya Mbele Ikipasuka, Usikanyage Breki

Ajali ya makutano ya Londiani ya tarehe 30 Juni 2023 ingali kumbukumbu chungu kwa wakazi wa Kericho. Trela iliacha njia ikagonga matatu, pikipiki na wachuuzi kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Gari kubwa likimshinda dereva, hatari haiishii ndani ya gari hilo.

Kupasuka kwa tairi ya mbele kunaweza kumshinda dereva kwa ghafla. Tairi hiyo huvuta gari upande wake. Dereva akikanyaga breki, uzito husukumwa mbele na kukandamiza tairi isiyo na upepo, na gari huzidi kuvutwa: ya kushoto hulipeleka mtaroni, ya kulia huliingiza mbele ya magari yanayokuja.

Madereva wa malori ya majani chai, mabasi na trela wanashauriwa:

• Shika usukani kwa mikono miwili, kwa nguvu, na ulielekeze gari mbele.
• Usiguse breki. Usiachilie eksileta kwa ghafla. Inua mguu polepole gari likishatulia.
• Kwenye mteremko, usiongeze mwendo. Acha gia ikulizuie gari. Ndiyo maana gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kuteremka.
• Mwendo ukipungua kabisa, kanyaga breki taratibu na utoke barabarani.
• Weka vibao vya pembetatu vya kuakisi mwanga, si mawe wala matawi. Omba msaada kwa 999 au 112.

Hata hivyo, kinga huanza kabla ya safari. Tairi yenye upepo mdogo au mzigo kupita kiasi hujikunja mno, hupata joto na kupasuka. Pima upepo asubuhi tairi ikiwa baridi. Kagua nyufa, uvimbe na umri: tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2319, humaanisha iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi bora zaidi ziwekwe mbele. Magari makubwa hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Wakulima wanaosubiri lori la majani chai, wachuuzi na wahudumu wa bodaboda nao wanaombwa kukaa mbali na ukingo wa lami, hasa chini ya miteremko na kwenye kona. Dereva hodari pia huhitaji nafasi ya kulituliza gari.