Kutoka Busia na Malaba Hadi Msitu wa Kakamega: Vile Utapeleka Familia Bila Kuchomeka

Kama unaishi Busia ama Malaba, weekendi ya familia unaijua. Watoi wanaangalia katuni, buda amelala, mathe ako sokoni, na nje kuna foleni ya malori mpaka huoni mwisho. Ukisema "twende mahali", watu wanafikiria Kisumu, kula samaki na kurudi. Na kumbe msitu wa mvua, ile ya ukweli kama ya Kongo, uko kwa barabara unayopitia kila siku ukienda Kakamega ama Webuye.

Wajapani wako na jina la hii maneno: shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Serikali yao ilianza kuisukuma mwaka wa 1982, watu wa ofisi watoke wakapumue katikati ya miti. Wewe huhitaji ndege. Unahitaji mat mbili na viatu vizuri.

Huu msitu ni upi hasa?

Zamani za kale, msitu mkubwa wa Kongo ulinyoosha mkono ukapita Uganda ukaingia hadi kwetu. Hali ya hewa ikakauka, watu wakaongezeka, miti ikakatwa, mkono ukabaki vipande. Kakamega ndio kipande cha mwisho upande wa Kenya. Mabira, ule msitu unapita ukienda Kampala, ni ndugu yake. Ndio maana kuna ndege na nyoka hapo ambao jamaa zao wako Uganda na Kongo, na ukienda Tsavo ama Maasai Mara huwapati.

Serikali iliutangaza rasmi kuwa msitu wa kulindwa mwaka wa 1933. Kwa karatasi ni kama kilomita mraba 240, lakini miti ya asili haijai hata nusu ya hiyo. Zingine ni miti ya kupandwa, majani chai na mahali palifyekwa. Hiyo tu ni sababu ya kuwapeleka watoto wakiwa bado wadogo.

Buyangu ama Isecheno? Chagua mapema

Hapa ndio watu hukosea. Msitu uko na milango miwili mikubwa, na ofisi zake si moja.

Buyangu iko kaskazini. Ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na inasimamiwa na KWS. Ukitoka Malaba, pitia Bungoma hadi Webuye, kisha ushike barabara ya Kakamega. Utapita Malava, halafu umwambie kondakta akushushe karibu na Kambi ya Mwanza. Hufiki Kakamega mjini. Kuanzia hapo ni boda, ama mtembee kama hamna mizigo.

Isecheno iko kusini, chini ya KFS, yaani watu wa misitu. Ukitoka Busia, pitia Mumias hadi Kakamega mjini, halafu Khayega na Shinyalu. Huku ndiko kuna miti minene ya kufanya mtoto anyamaze, na kuna KEEP, kikundi cha vijana wa hapo wanaofundisha watoto wa shule mazingira.

Mkiwa na shosho ama kukhu mwenye magoti yanasumbua, chukueni Isecheno. Njia nyingi ni tambarare. Mkiwa na vijana wa kupanda mlima, Buyangu kuna kilima cha kuangalia msitu wote kutoka juu, na maporomoko ya mto Isiukhu. Upande wa kusini pia kuna kilima cha Lirhanda, chenye shimo la wachimba dhahabu wa enzi ya mkoloni. Siku hizi wenye nyumba ni popo.

Doo na kitambulisho

KWS hawachukui pesa mkononi. Unalipa kwa eCitizen, kwa hivyo fungua akaunti ukiwa nyumbani na uangalie bei ya siku hiyo, kwa sababu hubadilika. Usingoje kufika langoni na bando imeisha. Bei ya raia inaenda na kitambulisho, kwa hivyo kila mtu mzima abebe chake.

Na wale wa familia ya Tororo ama Busia ya pili? Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka na kitambulisho cha taifa tu. Lakini binamu yako apite kwa ofisi ya mpaka agongewe rekodi, si panya route. Akisimamishwa njiani bila karatasi, hiyo safari yenu imeishia hapo.

Mtaona nini?

Ukitaka simba, utarudi umenuna. Huu msitu ni wa kuangalia juu. Kuna mbega weusi kwa weupe, kima, na tumbili mwenye alama nyeupe kwa pua na mkia wa rangi ya kutu. Ndege ni zaidi ya aina 300. Hondohondo utamsikia kabla umwone, mabawa yake yana kelele. Vipepeo ni zaidi ya aina 400.

Lipieni gaidi wa hapo. Bila yeye mtatembea masaa mawili mkiona majani tu. Yeye anajua mti gani una matunda leo, na pale kwa matunda ndipo nyani wako. Pia anajua nyoka wanalala wapi, na nyoka wa huku si wa kuchezea.

Muulize kuhusu ule mti wa Prunus, ambao ganda lake ni dawa ya tezi dume. Ukibandua ganda kuzunguka mti wote, chakula hakishuki kwa mizizi na mti unakufa wima. Muulize pia kuhusu mukombero. Ndiyo, ule ule wanaume wa steji hutafuna wakicheka. Watu waliuchimba msituni mpaka ukaanza kupotea, ndio wakulima wa karibu wakaanza kuupanda shambani. Kikundi cha Muliru hapo kilipanda mti wa dawa wakatengeneza mafuta ya kupaka ya Naturub, na mwaka wa 2010 wakashinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Mambo madogo ya kukuokoa

Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ya huko hupenda kushuka mchana, na nyani hutembea asubuhi. Januari ndio mwezi mkavu zaidi.

Valia suruali ndefu na uingize ndani ya soksi, siafu hawana mchezo. Beba maji, chapo na maboga, na mrudi na makaratasi yenu. Usilishe nyani. Akizoea mkate wako, mtoto wa mwingine ndiye atanyang'anywa kesho.

Na mkifika katikati, zima simu zote dakika tano. Mtoto aliyezaliwa karibu na foleni ya malori hajawahi kusikia mahali hakuna injini. Mwache asikie kwanza, maswali atauliza mkiwa kwa mat.