Trekta Ikiwa Juu ya Lori, Pesa Ilipwe Lini?

Kuanzia Januari hadi Machi, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret huwa na mizigo ya kila aina. Katikati ya malori ya mbolea utaona moja limebeba trekta iliyofungwa kwa minyororo, plau ikiwa nyuma yake. Mwenye trekta mara nyingi hayuko hapo. Yuko Moiben au Ziwa, simu mkononi, anaangalia mawingu. Mvua ikimpata kabla hajalima, msimu umeenda, na kama trekta ni ya mkopo, benki haitangoja mvua nyingine. Mtu akiwa kwa presha kama hiyo hutuma pesa haraka, na akituma haraka hasomi.

Wengine watasema, si trekta ina magurudumu, iendeshwe tu? Kwa kilomita kumi, sawa. Lakini Nakuru hadi Eldoret ni takriban kilomita 155, na njiani kuna Salgaa na Sachangwan, sehemu zenye sifa mbaya ya ajali. Trekta ikijikokota hapo kwa kilomita 30 kwa saa, nyuma yake kukiwa na trela zilizojaa, ni kutafuta shida. Lori ni gharama, lakini ni gharama ya maana.

Sasa tuseme umepata mwenye lori kupitia broka, mkakubaliana Sh45,000. Yeye anataka zote mbele, wewe unataka kulipa trekta ikifika. Kusema ukweli, nyote mna sababu. Yeye ana dizeli ya kununua, na hataki kufika shambani usiku aambiwe arudi kesho kuchukua pesa. Wewe hujawahi kumwona hata siku moja.

Tunachopendekeza ni pesa isafiri pamoja na mzigo. Kwa mfano, Sh10,000 lori likifika mahali trekta ilipo, Sh20,000 trekta ikishapanda na kufungwa, na Sh15,000 ikifika, kabla haijashuka. Mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi, si kwa simu pekee, ili kila mtu awe na kitu cha kuonyesha. Pesa ya “kushikilia lori” kwa mtu mliyekutana naye mtandaoni usitume, hata kama ni elfu mbili. Anaweza kukusanya elfu mbili hizo kwa watu kumi kwa siku moja, na lori lenyewe halipo.

Kama huwezi kufika, mtume mtu unayemwamini, au umwombe muuzaji akupigie picha inayoonyesha nambari za gari. Trela huwa na nambari yake mwenyewe inayoanza na Z, kwa hivyo uliza zote mbili. Ukitaka kujua gari ni la nani, unaweza kulitafuta kwenye rekodi za NTSA kwa ada ndogo.

Halafu jina. Kabla ya kukamilisha malipo, simu hukuonyesha unamtumia nani. Lisome. Ikiwa mlielewana na mtu mmoja na jina likatokea la mwingine, simama hapo umpigie kwa nambari uliyoanza nayo. Uwe macho zaidi safari ikiwa katikati: unapata ujumbe kutoka nambari mpya, eti dereva amekwama Timboroa, simu yake imezima, tuma Sh8,000 ya mafuta kwa hii. Inawezekana ni kweli. Lakini mwenye lori atakuwa anajua, na simu moja kwake haimalizi dakika mbili.

Malipo ya pili, yale ya Sh20,000, yana faida nyingine: yanakupa nafasi ya kukagua kabla lori halijaondoka. Trekta ya nguvu za farasi 75 hivi ina uzito wa karibu tani 3. Ukiongeza plau ya sahani tatu na haro, Canter ya tani 3 haifai, hata mwenyewe akuapie kwamba amebeba nyingi. Breki ya mkono iwe imevutwa. Minyororo ifungwe kwenye ekseli na fremu, mbele na nyuma, isipite kwenye usukani wala mabomba ya haidroliki. Plau iteremshwe ikae kwenye sakafu ya lori, kwa sababu ikiachwa imeinuliwa kwa haidroliki itashuka polepole njiani, na kufikia wakati huo kila kitu kilichofungwa nayo kitakuwa kimelegea. Dereva mzuri pia husimama baada ya kilomita chache kukaza minyororo upya. Ukimwona anafanya hivyo bila kuambiwa, weka nambari yake.

Kombaini ni mambo mengine kabisa. Ngano ya Narok huvunwa mapema kuliko ya Uasin Gishu, kwa hivyo mashine huhama kufuata kazi. Kichwa chake cha kukatia mara nyingi kina upana unaozidi mita 4, wakati barabara nyingi kuu zina mita 7 tu kwa pande zote mbili. Hutolewa na kubebwa peke yake kwa urefu. Mzigo unaozidi vipimo vya kawaida unahitaji kibali cha KeNHA, kwa hivyo mwulize mwenye lobedi mapema ni nani analipia kibali hicho, na uone nakala. Uliza bima pia. Bima ya lori si lazima iwe inalipia kilicho juu yake.

Bado kuna vitu vidogo vinavyoleta kelele lori likishafika. Sh15,000 ni pamoja na ya kutoa au bila? Semeni mapema. Kama ana till, mtumie kwa till. Na mashamba mengine hayana mtandao, sasa dereva anakataa kushusha na wewe unazunguka shambani umeinua simu juu. Kutaneni kwenye senta ya mwisho yenye mtandao, umlipe hapo mzigo ukiwa mbele ya macho yako. Dereva naye aangalie salio lake mwenyewe, si picha ya ujumbe kwenye simu yako, halafu mwingie shambani pamoja.