Usimamizi wa Mtaalamu katika Uchunguzi wa Sayansi wa Wanafunzi

Kufundisha sayansi kwa njia ya uchunguzi humtaka mwanafunzi aulize swali, abuni jaribio na kulitekeleza mwenyewe. Uhuru huo haumwondolei mwalimu wajibu wa kupima mapema kama jaribio lamtosha yeye kulisimamia au lahitaji mtaalamu.

Tuchukue mfano wa mahindi. Wanafunzi wataka kujua kwa nini mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vema huota ukungu. Swali ni jema, tena lahusu maisha yao. Lakini baadhi ya kuvu wa mahindi hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317, na 125 kati yao wakafa. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi.

Masharti ya maonyesho ya kimataifa ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari, yafanyikayo Marekani, yaweza kutuongoza. Kwanza, mpango wa jaribio la namna hii huandikwa na kuidhinishwa kabla ya kazi kuanza. Pili, mtaalamu awe mjuzi wa jambo lile lile linalochunguzwa. Elimu kubwa ya jambo jingine haitoshi. Tatu, mtaalamu asipoweza kuwapo, huwekwa msimamizi aliyeelekezwa kazi hiyo, naye humwangalia mwanafunzi moja kwa moja. Nne, kukuza vijidudu nyumbani ni marufuku.

Je, mwalimu wa shule ya msingi asiye na mtaalamu karibu alikatae swali? La. Na abadili jaribio, swali libaki. Badala ya kukuza ukungu, wanafunzi wachunguze unyevu unaousababisha. Watie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, waitikise kwa dakika chache, kisha waiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yangali na unyevu mwingi. Isiponata, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Wakirudia kila siku kwa mahindi yaliyoanikwa juani na yaliyowekwa kivulini, watapata matokeo ya kulinganisha. Mahindi ya jaribio yawe safi, yasiyo na ukungu.

Jaribio la namna hii mwalimu aweza kulisimamia mwenyewe. Wanafunzi wakitaka kwenda mbele zaidi hata kuuchunguza ukungu wenyewe, hapo tusubiri mtaalamu. Asipopatikana, jaribio hilo lisifanyike.