Mtoto bila mjomba, bila shangazi



Mwezi huu tunaongea habari ya vijana wetu. Ukikaa kwenye foleni ya maji au ya rasheni, lazima utasikia mzazi analalamika: "Batoto ba siku hizi habasikii!" Kijana wa miaka 16 anarudi saa nne ya usiku kutoka kibanda cha video, ukimuuliza anainua mabega tu. Au hasemi kabisa, anashika tama mlangoni kutwa nzima. Mama analia, baba anachukua fimbo.

Lakini tujiulize kidogo. Kule kwetu, nani alikuwa anaongea na kijana wa miaka 16? Si baba peke yake. Kijana alikuwa na mjomba na babu. Wabembe walikuwa na wazee wa lubunga, Walega walikuwa na bwali. Msichana alikuwa na shangazi yake. Vita vikatutawanya. Leo shangazi yuko Nyarugusu, mjomba hatujui kama yu hai. Kazi ya watu kumi imebaki kwa mama mmoja, na yeye mwenyewe moyo wake bado haujapona.

Ndiyo maana tunawaletea habari za majirani wetu wa mashariki mwa Uganda, Mbale na Jinja, tuone wao wanafanyaje.

Mbale iko chini ya mlima Elgon, nchi ya Wamasaba, wengi wanawaita Wagisu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, wanafanya imbalu, yaani jando lao. Linafunguliwa mwezi wa nane kwenye uwanja wa Mutoto, karibu na mji, na siku hizo ngoma za kadodi zinajaza barabara. Mgeni anaangalia kisu tu. Kumbe kisu ni dakika chache, kazi kubwa iko kabla na baada.

Kabla ya yote, kijana mwenyewe ndiye anatakiwa kusema kwamba yuko tayari. Anajifunga kengele mapajani, anacheza, anazunguka kwa ndugu nyumba kwa nyumba, kwa mjomba pia. Kila anakofika anapewa zawadi, na anajulikana kwamba ni mtoto wa fulani. Wazee wanampaka kimea cha ulezi. Siku yenyewe anasimama mbele ya watu wote, haruhusiwi hata kutikisika. Baada ya hapo analishwa kama mtoto, mikono yake haigusi chakula, mpaka ngariba arudi kumnawisha. Na ni wakati huo wa kunawa ndipo anapoambiwa kazi za mtu mzima: kulima, kujenga, kuoa, kuheshimu watu. Fikiria kijana ambaye kwa wiki nzima kila mtu mzima wa ukoo amemtazama usoni na kumtaja jina. Wangapi kati ya watoto wetu wamepata hiyo, hata siku moja?

Hatusemi kila kitu ni kizuri. Kule kuna watu wamekamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Kisu kimoja kikitumika kwa vijana wengi kinaweza kupitisha UKIMWI, kwa hiyo kila kijana awe na kisu chake. Wengi wetu hapa watoto wetu walitahiriwa wachanga hospitalini, hatuna haja ya kisu tena. Ila tuseme ukweli: tohara tuliipeleka zahanati, mafunzo hatukuyapeleka popote.

Je, mila inaweza kubaki bila kisu? Kwenye mlima huohuo, upande wa Kapchorwa, Wasabiny walikuwa wanakeketa wasichana. Mwaka 1992 wazee wao wenyewe waliunda chama, wakasema: zawadi, ngoma na mafunzo vibaki, kukeketa kuishe. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa uliwapa tuzo, na mwaka 2010 sheria ya Uganda ikakataza kabisa. Haikuisha siku moja, wapo waliojificha wakaendelea. Lakini waliobadilisha ni wazee, si wageni.

Ukishuka mpaka Jinja, pale mto Nile unapoanzia, ni mji wa viwanda na kabila nyingi. Pale msichana ana senga, yaani dada ya baba, ndiye anamweleza habari za mwili, hedhi, wanaume na ndoa. Sasa senga wa damu anaweza kuwa mbali kijijini, basi mama jirani anayeaminika anashika nafasi yake. Shule nazo zina mwalimu wa kike wa kusikiliza wasichana. Kama binti yako anasoma, muulize kama anamjua wa shule yake. Tahadhari tu: masenga wengine bado wanafundisha msichana anyamaze hata mume akimpiga. Huyo usimchague.

Kuna jambo moja lilitushangaza. Watafiti walikwenda kwenye kambi za Waacholi waliohamishwa na vita, kaskazini mwa Uganda, na mwaka 2007 wakatangaza matokeo. Kwanza waliuliza wenyeji huzuni wanaiitaje kwa lugha yao. Halafu vijana 314 wa miaka 14 mpaka 17 waligawanywa: wengine walikaa vikundi vya kuongea matatizo yao, wengine walipewa michezo, wengine walingoja. Wasichana waliokaa vikundi vya kuongea walipata nafuu ya kuonekana. Wavulana, nafuu yao haikuonekana wazi. Sisi tunadhani mvulana anaongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi, kwa mfano akichonga mpini au akitengeneza baiskeli na mzee. Hayo ni mawazo yetu tu, si ya watafiti.

Basi hapa kambini tufanyeje? Tafuta jirani mmoja unayemheshimu, mwombe rasmi, kama unavyoomba uchumba: awe mjomba wa mtoto wako. Mtoto naye akubali, asilazimishwe. Wakutane mahali pa wazi, barzani au chini ya mti, wasijifungie ndani. Akimwambia mtoto "usimwambie mama", hapo simamisha.

Na mtoto akisema anatamani kufa, usimgombeze, usiseme ni mapepo. Usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama hujui njia, mwamshe VHT wa kijiji chenu hata usiku.

Leo jioni, wakati wa bugali, muulize mtoto wako swali moja: "Ukipata shida usiku na mimi sipo, utabisha kwa nani?" Akitaja jina, kesho nenda kamsalimie mtu huyo.