Shahada Mbili, Kiwanja Kimoja

Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Dodoma, basi Dumila unaijua hata kama hujawahi kushuka. Ni pale njia panda ya Kilosa, kama kilomita 70 kutoka Morogoro mjini, ambapo kinamama na vijana wanakimbilia madirishani na beseni za nyanya na vitunguu. Mmoja wa kinamama wale alikuwa mama yangu. Nyanya zake ndizo zilizonisomesha. Nyumba yetu ilikuwa nyuma kidogo ya barabara: vyumba vitatu, bati, na mwembe mmoja.

Juni 2008, nikiwa kidato cha nne, nilirudi likizo nikakuta watu nisiowajua wanapima uwanja wetu kwa hatua za miguu. Baba alikuwa ameuza. Mnunuzi alitoka Dar, dalali alikuwa wa hapo hapo, na karatasi iliandikwa nyumbani kwa mjumbe. Mama aliambiwa jioni, beseni bado lipo kichwani.

Mpenzi msomaji, usimhukumu baba haraka. Alikuwa na madeni, na aliamini nyumba ni yake kwa sababu matofali alinunua yeye. Wanaume wengi wanaamini hivyo mpaka leo, na wasomi wamo humo humo.

Kwa nini shahada mbili?

Siku ile nilibaki na maswali mawili. La kwanza: kwa nini kiwanja cha njia panda kiuzwe kwa bei ya shamba la porini? Haukupita mwaka pakaota fremu za maduka. La pili: hivi kweli mama hakuwa na neno?

Swali la kwanza lilinipeleka Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, mwaka 2011, kusoma usimamizi na uthamini wa ardhi kwa miaka minne. Huko nilijifunza kwamba bei ya kiwanja haitoki mdomoni mwa dalali. Unaangalia viwanja vya jirani vimeuzwa shilingi ngapi, barabara inafika wapi, maji yapo, mpango wa eneo unaruhusu kujenga nini, na kikijengwa kitaingiza kodi kiasi gani. Baba aliuza udongo na bati. Mwenzake alinunua njia panda.

Lakini kila nilipouliza habari ya mke ambaye hakusaini, jibu lilikuwa lile lile: hiyo ni ya wanasheria. Kwenye nchi kama Australia unaweza kusoma sheria na uendelezaji wa milki kwa pamoja, ukatoka na shahada mbili kwa mkupuo. Mimi ilibidi niunge moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 nikajiandikisha shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mchana kazini, usiku vitabu.

"Kumbe ningeweza kukataa?"

Usiku mmoja mwaka 2017 nikakutana na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kinasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa, kuigawa bure, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Nikasoma tena. Sheria hii ilikuwepo hata kabla mama hajaolewa!

Nikampigia saa nne usiku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo mwanangu, kumbe ningeweza kukataa?"

Sikuwa na jibu la kumfariji. Nikamwambia muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na ilikuwa imepita tisa tu. Akacheka. "Nimshtaki baba yenu, halafu jioni nimpakulie ugali? Hapana. Wewe soma, uwaambie wengine."

Mheshimiwa jaji, leo tunakula?

Mwaka 2018 nikaolewa na kijana mhasibu tuliyekutana Morogoro. Mapenzi yalikuwepo tele, ila mwanamke anayesomea sheria usiku si mke rahisi. Mume wangu alizoea kula peke yake. Akawa ananitania, "Mheshimiwa jaji, leo tunakula?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye hakuwa anatania tena, na mimi nikajifanya sijagundua.

Septemba 2019 akaniambia nivae viatu vya kutembelea, tuna safari. Tukashuka Dumila. Akanishika mkono mpaka kwenye kiwanja kizuri kandokando ya barabara, karibu na mto Mkundi. Bei milioni sita, na tayari alishatoa milioni moja ya kishika nafasi. Alitaka kunirudisha nyumbani. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

Na mimi nikafanya nini? Nikaanza kukagua. Miti ilikuwa na mstari wa tope mkavu juu ya kimo changu. Nikamuuliza bibi mmoja jirani, shikamoo bibi, mwaka 2014 maji yalifika wapi? Akanyoosha mkono juu ya kichwa. Wakazi wa Dumila na Magole hawajasahau Januari ile, mafuriko yalipoharibu daraja na kukata barabara kuu ya Dodoma, na watu wengi wakakosa pa kulala. Halafu upande wa mbele ulikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga humo, unasubiri alama ya X nyekundu.

Kisha nikaomba kuiona karatasi. Jina lilikuwa moja, la kwake.

"Langu liko wapi?"

"Si tumeoana? Changu si chako?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimjibu kwa vifungu vya sheria, mbele ya dalali. Njiani hatukuzungumza, na nyumbani tulinuniana siku tatu. Alichokisikia yeye ni kwamba zawadi yake imefeli mtihani, na kwamba mkewe anamwona mwizi.

Siku ya nne niliweka vitabu chini nikamsimulia habari ya beseni la mama. Utaniamini? Tulikuwa tumeoana zaidi ya mwaka na sikuwahi kumwambia. Nilimtaka aelewe hofu ambayo sijawahi kumwonyesha. Alikaa kimya muda mrefu. Asubuhi akasema, "Tutafute kingine. Na saini ziwe mbili." Ile milioni ya kishika nafasi tulirudishiwa nusu tu. Ada ya shule hiyo, nikamwambia, tukacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Sheria inasemaje?

Nilipomaliza mwaka 2021 nilikuwa nimeelewa kwamba sheria yetu inawafikiria wanandoa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya mume na mke ni ya wote wawili, isipokuwa hati ikisema wazi kwamba ni ya mmoja. Na hata kama jina ni moja, mwenzi aliyeitunza au kuiendeleza kwa jasho lake anahesabiwa kuwa na haki ndani yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Ila ujue, Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa sababu mahakama iliona ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Haki ipo, lakini kuidai mahakamani ni safari ndefu, na hujui utafika na nini. Majina mawili kwenye karatasi ni rahisi zaidi.

Kabla hamjatoa hela

1. Nendeni wote wawili, na mwende wakati wa mvua pia. Kiwanja cha Septemba si kiwanja cha Machi. Waulizeni wazee, siyo dalali.

2. Jueni ni ardhi ya aina gani. Kama ina hati, pekueni kwa Msajili wa Hati muone mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Kama ni ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji ndiyo yenye usimamizi, na kugawa ardhi kunahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi ya mjumbe peke yake haitoshi.

3. Muulizeni muuzaji, mwenzi wako yuko wapi? Sheria inamtaka mnunuzi aulize kama mume au mke ameridhia. Usiwe wewe yule mtu wa Dar aliyepima uwanja wetu.

4. Pimeni umbali kutoka katikati ya barabara kuu kwa futi kamba, siyo kwa macho.

5. Chagueni aina ya umiliki. Mkimiliki kwa pamoja, mmoja akifariki haki yake inabaki kwa mwenzake. Mkimiliki kwa hisa, hisa ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Hilo zungumzeni mkiwa wazima.

Leo tuna kiwanja Dumila, upande wa mwinuko, mbali na mto. Hakina fremu wala ghorofa, msingi tu na miche ya miembe. Mama alipokuja kukiona, hakuuliza bei. Aliomba karatasi, akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akasoma, akashuka kwenye la pili, akasoma. Akamrudishia mkwewe akasema, "Asante, baba."

Na wewe, kabla ya kulala leo, muulize mwenzako: karatasi yetu ina majina mangapi? Usimuulize kwa vifungu kama nilivyofanya mimi. Muulize mapema, mkiwa bado mnacheka.