Kabichi za Mulongo na siku ya kutia urea

Mfuko wa urea unaofika Mulongo, kando ya mto Lualaba katika mkoa wa Haut-Lomami, umekwisha kuona dunia. Hata ukiuhesabu kuanzia kusini mwa Katanga tu, bado kuna safari ya lori au reli hadi Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918, kisha mashua kuteremka Lualaba. Gharama ya njia nzima humwangukia mama mwenye matuta machache ya shu, yaani kabichi, kando ya mto. Na katika kilo 50 alizonunua, nitrojeni ni kilo 23 tu, maana urea ina asilimia 46 ya nitrojeni.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa mkulima wa kabichi katika Haut-Lomami si atie kiasi gani. Ni atie siku gani. Nitrojeni haikai ikimngoja mtu. Ikikuta mizizi haiko tayari, inakwenda zake na maji au na hewa, na hela iliyoinunua inakwenda nayo.

Bonde la Lualaba lina kalenda yake. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili, Lualaba hufura na kutandaa mabondeni, na kiangazi kikishika maji hurudi nyuma na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Hapo ndipo bustani za mboga zinapofunguliwa, na hapo ndipo pana mtego. Udongo ulioshiba maji hauna hewa. Bakteria waliomo, wakikosa oksijeni, huichukua kutoka kwenye nitreti, na nitrojeni hupaa ikiwa gesi. Anayeharakisha mbolea kwenye tope bichi anailisha anga. Chimba shimo la kina cha mkono, uchukue udongo wa chini na kuuminya. Ukichuruzika maji, au ukinuka kama yai bovu, subiri. Ukishikamana kisha ukavunjika ukiusukuma kwa kidole, ardhi iko tayari.

Baada ya hapo tuangalie mmea wenyewe. Mche wa kabichi uliotoka kitaluni hutumia siku zake za kwanza kuponya mizizi, na mahitaji yake ni madogo sana. Samadi ya mbuzi au ya kuku iliyooza vizuri, ikichanganywa na udongo kabla ya kupandikiza, inautosha. Mwenye mbolea ya NPK 17-17-17 anaweza kuongeza kidogo shimoni. Urea ya siku ya kupanda ni hasara tupu, na ikigusa mizizi michanga huiunguza.

Wiki ya tatu au ya nne mambo hubadilika. Majani hupanuka, yanakaribia kugusana na ya mche wa jirani, na tangu hapo hadi kichwa kinapofunga ndipo kabichi hula sehemu kubwa ya nitrojeni ya maisha yake yote. Dozi ya kwanza ya urea ni ya wakati huo. Ya pili ni pale majani ya katikati yanapoanza kujikunja ndani. Tuseme tuta lina mita za mraba 10 na miche 40, na samadi imetangulia: gramu 200 hivi za urea zinatosha kwa dozi zote mbili. Kila mche, kila mara, unapata gramu mbili na nusu, chini ya kijiko kidogo cha chai. Wengi hutupa kiganja kizima.

Namna ya kuitia ni sehemu ya wakati wake. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye joto na unyevu kidogo, hugeuka kuwa amonia na kupotea hewani kwa siku chache. Kwa hiyo ni jioni, kijifereji kiasi cha vidole vinne au vitano kutoka kwenye shina, kufukia, na kumwagilia papo hapo. Usiichanganye na majivu hata kama majivu unayo kwa ajili ya vidukari. Majivu huifukuza amonia haraka zaidi. Na vidukari wenyewe hupenda majani laini ya mmea uliozidishiwa nitrojeni.

Anayetaka kujua kama dozi imechelewa atazame majani ya chini. Kabichi yenye njaa ya nitrojeni huinyonya kutoka kwenye majani makuukuu kulisha machanga, basi umanjano huanzia chini. Ukianzia juu, kwenye majani machanga, huenda ni upungufu wa salfa, ambayo jamii ya kabichi huihitaji sana, na urea haitausaidia hata ukiirudia. Salfati ya amonia, yenye nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, ndiyo ingefaa.

Shu ya kuchuma majani ina utaratibu mwingine: kidogo baada ya kila michumo miwili mitatu, kwa kuwa kila fungu linaloenda sokoni kuliwa pamoja na bukari, yaani ugali, limebeba nitrojeni ya shambani. Ya kufunga kichwa, kinyume chake, ina siku ya kukoma. Ukibonyeza kichwa kwa gumba na kikakataa kuingia, funga mfuko. Nitrojeni ya baada ya hapo hulainisha kabichi, huizidishia mpasuko maji yakija kwa wingi, na kuiozesha ndani ya mashua kabla haijafika kwa mnunuzi.

Lawama yote ya kukosea siku isiwekwe kwa mkulima. Kama mbolea inaletwa Mei kwa mfuko mzima, na Julai, miche inapoihitaji, duka ni tupu, mama atainunua inapopatikana na kuitia papo hapo. Bei za urea zilipopanda duniani mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wenye matuta madogo ndio waliobanwa zaidi. Wafanyabiashara wa mtoni na vyama vya wakulima wangeweza kufanya jambo moja lililo ndani ya uwezo wao: kuweka akiba ya mifuko michache pakavu, iliyofungwa isinyonye unyevu, na kuiuza kwa kopo katika zile wiki mbili za Julai na Agosti ambazo kabichi inaanza kujikunja.